Usimeze, Tema!

Nimeishi Kahawa West, mtaa wa Nairobi, miaka tisa, na katika miaka hiyo yote kahawa niliyozoeana nayo ni ile ya makanga pale mjini: "Kahawa! Kahawa! Wawili wa mwisho, twende!" Ile ya kikombe tulikuwa tunapitana tu njiani bila salamu. Mimi ni mtu wa chai. Chai ya maziwa, iliyotiwa tangawizi, ikachemka hadi ikapanda ukingoni mwa sufuria ikitaka kuzima jiko. Kwa hivyo yaliyotokea ile Jumapili msinitwike mimi peke yangu. Mengine ni ya chama.

Chama chetu kina watu sita. Kilianza kama vyama vyote vinavyoanza, kwa nia njema na daftari jipya: kila mtu shilingi 500 kwa mwezi, tukija kushtuka tuna ploti Juja. Ploti ikageuka mbuzi, mbuzi akageuka supu, na Mwalimu, ambaye ndiye mweka hazina, akasema basi, kama pesa zetu zimeamua kupitia tumboni, angalau zipite kwa mpangilio. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa kuonja. Kila mwezi mwenyeji anachagua kitu kimoja, analeta aina zake tano au sita, majina yanafichwa, zinapewa nambari, watu wanaonja na kutoa maksi. Machi ilikuwa mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, kutoka kwa wauzaji watano wa barabara moja. Aprili ilikuwa pilipili, nyumbani kwa Karani, na hiyo tuliapa hatutaizungumzia tena. Niseme tu kwamba mpaka leo Karani hafikichi jicho kabla ya kunawa mikono mara mbili kwa sabuni.

Mei ikawa zamu yangu, nami nikatangaza kahawa.

Nilikuwa na sababu, nayo imetoka Murang'a. Cucu yangu, yaani nyanya, ana mashina ya kahawa, na likizo zangu zote za Desemba zilikwisha huko, debe kiunoni. Unachuma zilizoiva peke yake. Cucu akipata ya kijani ndani ya debe lako, unaitwa kwa majina yako yote matatu. Jioni mnabeba hadi kiwandani, karani anapima, anaandika, mnarudi nyumbani mmechoka, na cucu anawapikia nini? Chai. Siku moja nilimwuliza mbona hatujawahi kuionja hiyo kahawa yenyewe. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tuchemshe jembe. "Hiyo ni karo," akasema. "Karo hainywewi." Na ukifikiria, alikuwa na haki. Watu wa rika lake wakiwa vijana waliichuma kwenye mashamba ya wazungu tu. Wao wenyewe kuruhusiwa kuipanda huko kwetu ilibidi wangoje hadi miaka ya 1950, na walipoipanda waliiuza yote ikapanda meli. Tangu wamisionari Wafaransa waipande kule Bura, Taita, mwaka 1893, kahawa ya Kenya imekuwa kama yule mtoto wa jirani aliyekwenda ng'ambo: inasifiwa na watu ambao hawakuilea.

Jumamosi nikashuka mjini na shilingi 3,000 za chama. Nikaingia duka moja linalokaanga kahawa, nikampata kijana wa aproni mwenye subira isiyo ya kawaida kwa mtu wa mjini. Nikamwambia nipe zile nzuri kabisa, zenye AA, maana AA nimeiona kwenye pakiti na najua A mbili ni bora kuliko moja. Akatabasamu. AA si maksi, akasema, ni saizi. Punje hupitishwa kwenye chekeche, zile kubwa zinazobaki juu, zaidi ya milimita saba, ndizo AA. Zinazofuata zinaitwa AB. PB nayo ni ile kokwa ambayo badala ya kuzaa punje mbili zilizobanana tumbo kwa tumbo, imezaa moja tu, ya mviringo. "Kama mtoto wa pekee," nikasema. "Kama mtoto wa pekee," akakubali, na nikaona amechoka nami.

Nikanunua AA ya Nyeri, AB ya Kirinyaga, PB ya Embu, na ya nne inayoitwa mbuni, ambayo haikuoshwa wala kumenywa, ilianikwa juani na ganda lake mpaka ikakauka. Zote nikasagiwa papo hapo. Ya tano ilikuwa mtego: kahawa ya mkebe, ile ya kukoroga, nione nani atadanganyika. Ya sita nilimwachia Mpwani alete ya kwao. Nyeri, kijana aliniambia, ina ladha ya tunda fulani dogo jeusi la Ulaya. Mimi tunda hilo nalijua kwa Ribena tu, lakini nikatikisa kichwa kama mtu aliyelichuma mwenyewe.

Halafu akanipa masharti kwenye kijikaratasi. Gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji. Maji ya nyuzi 93. Dakika nne bila kugusa. Kisha unalivunja lile povu la juu kwa kijiko, unainusa, unalitoa povu, unachota, unafyonza kwa kelele ili itapakae ulimi mzima, unaizungusha mdomoni, unatema.

Unatema. Hilo neno alilipigia mstari. Laiti angelipigia miwili.

Masharti mengine niliyafanyia marekebisho ya nyumbani. Kipimajoto sina, lakini hicho mtu wa Nairobi hakihitaji: huku tuko juu, karibu mita 1,700, na maji yetu huchemka kabla hata ya kufika nyuzi 95. Ukiepua sufuria ukahesabu hadi ishirini, umefika. (Mpwani nilipomweleza alisema, "Kumbe ndiyo maana maharagwe yenu hayaivi.") Mizani pia sina. Nikapima kwa kijiko cha chakula, viwili kwa kila kikombe, kisha nikaongeza kimoja, maana mgeni hapimiwi. Na ile habari ya watu wote kuchota kwenye bakuli moja kwa vijiko vyao, nikaikataa kabisa. Kila mtu apate kikombe chake. Watu sita, kahawa sita, vikombe thelathini na sita.

Mimi ninavyo kumi na sita. Nikabisha kwa Mama Baraka, jirani tunayegawana naye ukuta, nikamwomba ishirini.

"Mna sherehe, Baba Neema?"

"Hapana, ni wageni kidogo tu."

"Wangapi?"

"Tutakuwa sita."

Akanihesabia vikombe ishirini polepole, kimoja kimoja, akinitazama usoni kila anapoweka kimoja. "Na Mama Neema yuko?"

"Yuko zamu ya usiku." Mke wangu ni muuguzi. "Na mtoto tumempeleka kwa nyanyake."

"Haya," akasema Mama Baraka, kwa ile sauti ambayo si haya hata kidogo.

Kabla ya kutoka kwenda kazini, mke wangu alikuwa ametoa onyo moja tu, na halikuhusu kahawa. Lilihusu zulia. Lile zulia la sebuleni nilimwahidi kulifua tangu Krismasi. "Mkilimwagia kitu juu ya ule uchafu ulioko," akasema, "mimi nitahamia hospitalini."

Saa mbili usiku watu wakawa wametimia. Mwalimu alikuja na kalamu nyekundu na karatasi za maksi, mia moja kila moja, maana alikuwa amesoma kwamba kahawa ikipata themanini kwenda juu ndiyo inahesabiwa kuwa ya daraja la pekee. Karani alikuja na njaa. Wakili, ambaye bado yuko mwaka wa tatu wa sheria lakini tumeshamwapisha sisi wenyewe, alikuja na pingamizi. Fundi, wa simu, alikuja moja kwa moja kutoka Luthuli na bisibisi bado mfukoni. Mpwani alikuja wa mwisho, na dele la shaba, lile birika la kahawa la kwao, kwapani na kashata kwenye gazeti, akatazama meza yangu yenye vikombe thelathini na sita na vijiko vimepangwa kama chumba cha upasuaji.

"Hii ni kahawa ama maiti inaoshwa?" akauliza.

Mwalimu akasoma masharti kwa sauti ya darasani. Alipofika pa kufyonza kwa kelele, Mpwani akainua mkono. "Yaani lile jambo ambalo mama yangu alinizaba vibao miaka kumi niliache, leo ndiyo elimu?" Alipofika pa kutema, nyumba nzima ikasimama.

"Kutema wapi?"

Nikaonyesha ndoo ya buluu. Ni ndoo ya kufulia, niliiosha, nikaiweka juu ya zulia katikati ya meza na sofa ili kila mtu aifikie.

Wakili alikuwa amekwisha toa simu anapiga hesabu. "Kahawa imegharimu elfu mbili mia sita. Gawanya kwa thelathini na sita. Kila kikombe ni shilingi sabini na mbili na ushei." Akatutazama mmoja mmoja. "Mnaniambia nichukue shilingi sabini na mbili, nizioshe meno, nizimwage kwenye ndoo?"

"Kwetu," akasema Karani, "ukitema cha mwenyeji mbele yake, hilo ni tusi. Kuna watu walioachana kwa hilo."

"Wanaoonja kwa kazi hutema," akasema Mwalimu. "Wangekuwa wanameza zote wasingefika nyumbani."

"Hao wanalipwa. Sisi tumelipa."

Hoja hiyo haikupata wa kuijibu. Mwalimu alitema, kwa msimamo, kikombe cha kwanza na cha pili. Ndoo ikapata pia maji ya kusuuzia vijiko. Wengine wote tulimeza kila tone, hata masimbi ya chini Karani aliyakwangua, maana shilingi ni shilingi. Kufikia cha tatu Mwalimu naye akashindwa na mfano mbaya.

Lakini kelele tulizipiga. Tulifyonza! Fruuup, fruuup, kama ng'ombe sita kwenye kijito kimoja, Fundi akapaliwa, akakohoa hadi Wakili akamdunda mgongoni. Na maoni yakaanza kutoka, kila mtu akitafuta maneno.

Nambari 1, Mpwani alifumba macho. "Kuna ukwaju hapa." Nikarudi kwa kijiko changu, na haki ya Mungu, ukwaju ulikuwapo, pale pembeni mwa ulimi, mkali kisha mtamu. Ilikuwa ile ya Nyeri. Kwa dakika moja hivi niliona fahari ambayo sikuitegemea, nikamkumbuka cucu na debe lake. Nambari 2 Fundi alisema ni kama kuunguza saketi, lakini saketi nzuri, ya Japani. Nambari 3 Karani aliinusa muda mrefu. "Inanuka ofisi ya chifu."

"Kivipi?"

"Sijui. Makaratasi ya zamani na mtu aliyekasirika."

Nambari 3 ilikuwa kahawa ya mkebe. Na Karani ndiye aliyeipa maksi nyingi kuliko wote, kwa hivyo msiamini kila pua.

Sasa tukafika nambari 4, na hapa kosa ni langu. Mwenyeji hatakiwi kutaja jina kabla ya maksi. Lakini Fundi alikuwa amejaza mdomo, ameinua nyusi, anazungusha, anaipenda, nami nikashindwa kujizuia.

"Hiyo ndiyo mbuni!" nikasema.

Fundi akaacha kuzungusha. Akameza kwa mshtuko. Akakiweka kikombe mezani kama kitu chenye waya wazi.

"Mbuni?"

"Mbuni."

"Mbuni yule ndege?"

Inabidi nimtetee kidogo. Fundi aliwahi kuona kwenye simu ya mteja video ya kule Indonesia, ambako wanauza kwa bei ya dhahabu kahawa iliyokwisha pita tumboni mwa mnyama wa jamii ya fungo, anaila, anaitoa kwa njia anayoijua, watu wanaokota. Hilo ni kweli, lipo. Kwa hivyo kichwani mwa Fundi hesabu ilikuwa nyepesi: Indonesia wana fungo, sisi tuna mbuni. Na mbuni mwenyewe ni mrefu kumshinda mtu.

"Tema!" akapiga kelele Karani, ambaye naye alikuwa amepata video hiyo hiyo. "Fundi, tema!"

"Nimemeza!"

"Usimeze!"

"Nimeshameza! Yote! Mungu wangu, nimemeza yote!"

"Ameimeza," Wakili akatutangazia, kana kwamba anasoma hukumu.

"Ni mti!" nikawa napaza sauti. "Mbuni ni mti! Mti wa kahawa ni mbuni!" Lakini nani ananisikia? Fundi amepiga magoti kando ya ndoo, kidole kooni, anasema moyo unamwenda mbio, na moyo wake kweli ulikuwa unakwenda mbio, maana hicho kilikuwa kikombe chake cha nne cha vijiko vitatu vitatu, mtu ambaye maishani mwake dawa kali aliyowahi kunywa ni soda. Mpwani anacheka mpaka hana sauti. Mwalimu anasema "Tulieni!" kwa sauti ya gwaride.

Mlango ukafunguka kwa teke.

Sasa jiweke upande wa pili wa ukuta. Wewe ni Mama Baraka. Jirani yako, siku mke wake hayupo na mtoto ameondolewa, amekuja kuazima vikombe ishirini vya watu sita. Saa mbili hadi saa nne umesikia watu wazima wakifyonza kitu, wakikohoa, wakinyamaza kwa pamoja, wakifyonza tena. Umesikia mtu akisoma masharti. Umesikia "chungu hii, lakini tunamaliza zote." Halafu unasikia "Tema! Usimeze! Ameimeza! Mungu wangu!" Ungefanya nini?

Mama Baraka aliingia na maziwa. Pakiti mbili za nusu lita, na nyuma yake soja, mlinzi wa ploti, na rungu, na nyuma ya soja kijana wa boda na helmeti kichwani, tayari kukimbiza maiti ya kwanza. Hakusalimia. Aling'ata kona ya pakiti kwa jino, akaitema ile kona ukutani, akamshika Fundi taya kwa mkono mmoja kama unavyomshika ndama, akampanua mdomo akamimina.

"Kunywa! Kunywa yote, mwanangu! Usilale!"

Fundi alikuwa anajaribu kusema "mbuni". Ilitoka "mbubububu", na maziwa puani. Mama Baraka akaichukulia kuwa ni dalili. "Sumu imefika kwenye ulimi!" akamwambia soja. "Mshike miguu!" Soja akashika miguu, ila si ya Fundi, ya Wakili, ambaye alianza kutaja vifungu vya Katiba. Kijana wa boda, akitafuta pa kusimama ili asaidie, akarudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo moja ilikuwa na ndoo ya buluu ndani yake.

Niliiona ikianguka. Niliona lile wimbi la kahawia likitoka, likatandaa polepole juu ya zulia, likapita chini ya meza, likakutana na maziwa ya Fundi katikati. Kimya kikaingia. Mpwani akasema, kwa upole, "Sasa ndiyo imekuwa kahawa ya maziwa."

Ilichukua robo saa kueleweshana. Nilimwonyesha Mama Baraka pakiti, karatasi za maksi, kijikaratasi cha kijana wa aproni. Alisoma pale "unatema" palipopigiwa mstari. Akaketi.

"Kwa hivyo mmenunua kitu ghali," akasema, "mkakiweka mdomoni, ili mkitoe."

"Hatukukitoa, Mama Baraka."

"Angalau hapo mlikuwa na akili." Akachukua kikombe cha Mpwani, akaonja, akakunja uso mpaka nikaogopa. "Na hii ndiyo mnateseka nayo hivi? Hamjaitia kitu!" Akainuka. Akaingia jikoni kwangu bila kuuliza mahali pa kitu chochote, akatwaa sufuria kubwa, akakusanya vikombe vyote ambavyo havijaguswa, nambari 5 na nambari 6, akamimina ndani. Nyeri, Kirinyaga, Embu, mkebe na mbuni iliyobaki kwenye pakiti, akaitia yote kavu. Maziwa pakiti ya pili. Sukari kwa mkono. Tangawizi akaiponda kwa kitako cha glasi. Mpwani alijaribu kumzuia asiguse dele lake, akaambiwa akae chini kijana.

Ile kitu ilichemka, ikapanda ukingoni mwa sufuria, ikataka kuzima jiko. Nilipoiona hivyo nilijua nimerudi nyumbani.

Tulikunywa vikombe viwili viwili, vile vikubwa. Soja vitatu. Kijana wa boda, aliyekuwa anadai mia moja ya kungojea, alikunywa vinne akasamehe deni. Wakili aliipa maksi tisini na nane. Mama Baraka alijitilia cha mwisho kabisa, kile kizito cha chini, akasema kesho ana safari ya sokoni mapema, akaenda kulala.

Kulala! Kufikia saa tano na nusu nauli ya usiku ilikuwa imepanda, wageni wakaamua wajinyooshe pale pale hadi alfajiri. Taa nikazima. Giza likakaa dakika kumi.

"Mmelala?" akauliza Karani.

"Hapana," zikajibu sauti nne.

Mpwani ndiye pekee aliyekuwa anakoroma. Huyo amelelewa na kahawa chungu barazani tangu hajaota meno, damu yake imeshazoea. Sisi wengine tulikuwa tunatazama dari kama samaki. Saa saba Karani akasoma kwenye simu kwamba mtu mzima anashauriwa asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, na kwamba hata baada ya muda wa saa tano hivi nusu yake bado huwa imo mwilini. Wakili akatoa hesabu tena. Tukamwomba aache. Fundi akasema anasikia nywele zake zikikua.

Na hapo hapo mfereji wa jikoni ukakohoa. Kwetu maji ya mgao hufika usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, yakiamua. Yakaja kwa nguvu. Sijui ni nani aliyesimama kwanza. Najua tu kwamba saa saba na nusu zulia lilikuwa juu ya paa la ploti, watu watano wamelipigia magoti na brashi, Mwalimu akigawa maeneo kwa nambari, moja hadi tano. Tulilisugua mpaka likatoa maua ambayo sikuwahi kujua linayo. Tulimkuta Mama Baraka huko huko, peke yake kwenye mwanga wa simu, amefua sare zote za shule, mablanketi matatu, na sasa anafua mapazia. Hakutuambia neno. Alisogeza beseni lake kidogo tu, tupate nafasi kwenye kamba.

Chini, soja alikuwa anazunguka ploti. Miaka tisa nimeishi hapo, sikuwahi kusikia filimbi ya soja baada ya saa sita. Usiku huo aliipiga kila robo saa, mpaka mtu wa ghorofa ya pili akafungua dirisha kumwomba awaonee huruma.

Zulia lilipokwisha bado tulikuwa na mikono. Tukapanga kabati. Fundi akafungua redio mbovu ya marehemu baba mkwe, akaitengeneza, akaifungua tena kwa sababu tu. Karani akasugua sufuria hadi chini kukang'aa kama kioo. Mwalimu aliondoka na matatu ya kwanza, na baadaye tukapata habari kwamba alifika shuleni kabla ya mlinzi, akasahihisha madaftari ya darasa lake na ya darasa lisilo lake.

Mke wangu alirudi saa mbili kasoro, amechoka, mkoba begani. Alisimama mlangoni. Aliona sakafu tupu inayong'aa. Aliona Wakili anapanga vijiko kwa urefu. Aliona Mpwani anaamka, anajinyoosha, anauliza kama kuna kahawa, na wanaume watatu wakimfokea kwa mara moja. Nilimweleza yote, kuanzia kwa cucu. Nilipofika pa maziwa alinikatiza kuniambia, kama muuguzi, kwamba maziwa si dawa ya sumu, na kwamba Mama Baraka atapewa somo siku nyingine.

Kisha akapanda juu ya paa. Akashuka baada ya muda mrefu.

"Mwezi ujao ni zamu ya nani?" akauliza.

"Ya Fundi."

Akavua viatu, akaketi, akatazama dirisha la sebule, ukutani, kisha dirishani tena.

"Mwambie afanyie hapa," akasema. "Kuna mapazia."